Somo: Kutoka Fundi hadi Mkandarasi wa Majengo Daraja la 7, kwa Mafundi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Ndugu wanachama,

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya fundi ambaye amejenga madarasa, zahanati na nyumba za watumishi kwa miaka mingi, anayeijua kazi kuanzia kuchimba msingi hadi kupaua, lakini hana karatasi inayomruhusu kusaini mkataba kwa jina la kampuni yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya mji wetu kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, kazi za ujenzi zimeongezeka kuanzia Mtumba hadi Nala. Hata hivyo wengi wetu tumebaki kulipwa kwa siku au kwa tofali, huku mkataba ukiwa umesainiwa na mtu ambaye hajawahi kusuka nondo. Nilikuwa katika hali hiyo kwa miaka 11. Maombi yangu ya kwanza ya usajili yalirudishwa, na yalirudishwa kwa haki, kwa sababu nilidhani kwamba ninachotakiwa kuonyesha ni ujuzi, kumbe nilitakiwa kuonyesha ushahidi wa ujuzi.

Tuelewane kwanza juu ya nani anasajili nini. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, wana Bodi yao. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo tumezoea kuiita CRB na ambayo imeundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997, inasajili biashara inayochukua kazi ya ujenzi na kuibeba yote: watu, vifaa, fedha na dhamana. Usajili hutolewa kwa aina ya kazi, yaani majengo, kazi za barabara na miundombinu, umeme, mitambo, au kazi maalumu. Kwa majengo kuna madaraja 7, ambapo la 1 ni la juu na la 7 ndilo la kuanzia. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya mkataba mmoja, na daraja la 1 pekee ndilo lisilo na kikomo.

Hatua ya kwanza: mtaalamu wa ufundi

Naanza hapa, ingawa watu wengi huanza na jina la kampuni, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi hukwama. Kampuni lazima iwe na mtu mwenye elimu ya ufundi inayolingana na aina ya kazi na daraja linaloombwa, awe ndani ya uongozi wa kampuni, na awe anaitumikia kampuni hiyo kwa dhati. Madaraja ya juu yanadai mhandisi, mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi yake. Katika daraja la chini, fundi sanifu, yaani mtaalamu wa ufundi wa ngazi iliyo chini ya mhandisi, mwenye cheti kinachotambuliwa na uzoefu unaoonekana ndiye anayetegemewa na wengi.

Mimi nilimchukua fundi sanifu mmoja tuliyefahamiana kwenye ujenzi wa hosteli. Alinipa nakala za vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, akaandika barua ya kukubali, na mimi nikamlipa kiasi tulichopatana. Sikumuuliza swali moja tu: je, jina lako lipo kwenye kampuni nyingine? Lilikuwepo. Bodi ilipolinganisha kumbukumbu zake, ikaonekana kwamba mtu huyohuyo anatajwa kuwa mtaalamu wa kampuni ya ujenzi iliyosajiliwa tayari, na maombi yangu yakasimama. Nilipoteza karibu miezi 8 nikitafuta mtu mwingine, kubadilisha orodha ya wakurugenzi na kuandaa nyaraka upya.

Kwa hiyo nawasihi: msikodi cheti. Najua jambo hili limezoeleka, na najua wapo wanaowaambia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Lakini mtu aliyekukodishia cheti hatakuwepo siku zege la nguzo litakapomwagwa bila vipimo, na jengo likileta madhara, sahihi itakayotafutwa ni ya kampuni yako. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu waliokuwa wakitafuta riziki yao, kila mmoja wetu aliyewahi kusimamia jamvi alipaswa kujiuliza nani hasa alikuwa akiitazama kazi ile. Mtafute mtu utakayefanya naye kazi kweli, mpe hisa au mshahara unaoeleweka, na muandikiane mkataba.

Hatua ya pili: ushahidi wa kazi ulizofanya

Fundi wa kwetu ana kumbukumbu nzuri kichwani na karatasi chache mkononi. Anakumbuka idadi ya mifuko ya sementi iliyoingia kwenye msingi wa darasa la Chamwino, lakini hawezi kuonyesha hata barua moja inayosema kwamba yeye ndiye aliyelijenga. Wengi tumepata uzoefu kupitia fosi akaunti, yaani utaratibu ambao shule au kijiji hununua vifaa na kumlipa fundi wa eneo husika gharama za ufundi. Huo ni uzoefu halali, ila huyeyuka usipoandikwa. Kila unapomaliza kazi ya namna hiyo, omba barua kwa mkuu wa shule, mganga mfawidhi au mtendaji wa kijiji, yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, aina ya kazi, thamani yake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muhuri. Ukiweza kupata na maoni ya mhandisi wa halmashauri aliyekagua, barua hiyo itakuwa na uzito zaidi. Omba siku ya makabidhiano, kwa sababu viongozi huhamishwa, na aliyekuona ukifanya kazi akishahamia mkoa mwingine, mrithi wake hana sababu ya kukusainia.

Jambo dogo linalosahaulika ni risiti za mashine za TRA. Zimechapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la Dodoma mnalijua. Nilifungua faili langu baada ya miaka 2 nikakuta risiti za nondo na mabati zimekuwa nyeupe kabisa, hata jina la duka halisomeki. Siku hizi kila risiti naitolea nakala siku hiyohiyo, kisha nazibana pamoja. Weka pia mikataba midogo, hata ile ya kurasa 2 iliyoandikwa kwa mkono, michoro uliyoitumia, na picha za kila hatua: msingi, lenta, kenchi, lipu.

Hatua ya tatu: kampuni na namba ya mlipakodi

Kampuni inasajiliwa BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na kila mkurugenzi anahitaji namba ya NIDA pamoja na TIN. Katika katiba ya kampuni, hakikisheni shughuli ya ujenzi wa majengo imetajwa waziwazi, kwa maana niliwahi kuona katiba iliyonakiliwa kutoka kampuni ya usafirishaji na neno ujenzi halimo. Jazeni pia taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaoimiliki au kufaidika na kampuni kwa kweli, na mkumbuke kwamba ritani za mwaka, yaani taarifa za kila mwaka za kampuni, hupelekwa BRELA hata kama kampuni haijapata kazi. TIN ya kampuni hutolewa na TRA bila malipo.

Hatua ya nne: vifaa, ofisi na fedha

Bodi hutaka kujua kama kampuni ina uwezo wa kuanza kazi bila kusubiri fedha ya mteja. Andaa orodha ya vifaa pamoja na uthibitisho wa umiliki: kadi ya gari kama unalo, risiti ya mashine ya kuchanganya zege, vaibreta, mbao za jukwaa, mabomba ya kuegemezea na vifaa vya vipimo. Vifaa viwe kwa jina la kampuni, au kuwe na hati inayoonyesha kwamba mwenye navyo amevikabidhi kwa kampuni. Ofisi inaweza kuwa chumba kimoja Majengo au Nkuhungu, mradi kuna mkataba wa pango na mtu akija anakuta kibao, meza na faili. Taarifa ya benki iwe ya akaunti ya kampuni, si ya mwenye kampuni.

Hatua ya tano: kuwasilisha maombi

Someni masharti na jedwali la ada la Bodi lililopo wakati mnaomba, wala msitegemee fomu aliyotumia rafiki yenu miaka 5 iliyopita. Kuna ada ya maombi, ada ya usajili, na baadaye ada ya kila mwaka. Kila malipo ya Serikali yana namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, kwa hiyo mtu yeyote anayekutaka umtumie fedha kwenye simu yake ili akusaidie kusukuma faili, huyo ni kishoka. Kama jambo halieleweki, nenda mwenyewe katika ofisi ya Bodi hapa Dodoma, ukiwa na faili lako lote.

Cheti kikitoka, kazi ya karatasi haijaisha. Utahitaji leseni ya biashara, usajili wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, NSSF na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kisha usajili kwenye NeST, mfumo ambao zabuni za umma zimekuwa zikipita tangu mwaka 2023. Ukipata mradi, unausajili kwa Bodi na kuweka kibao kwenye eneo la ujenzi.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka kwa fundi mwashi wa Nzuguni: Shikamoo mwalimu. Nina cheti cha VETA na uzoefu wa miaka 14. Je, ninaweza kuwa mtaalamu wa ufundi wa kampuni yangu mwenyewe?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Inategemea ngazi ya cheti chako, na uzoefu peke yake haujazi pengo la cheti. Peleka nakala yako Bodi uulize kabla hujalipia kitu chochote. Ikiwa ngazi yako haitoshi, ninaona njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuungana na fundi sanifu mkawa wakurugenzi pamoja, wewe ukisimamia kazi na yeye akibeba wajibu wa kitaalamu. Ya pili ni kurudi chuoni na kusoma hadi stashahada. Mimi nilichagua ya kwanza, na mwenzangu tuko naye hadi leo.

Swali, kutoka kwa fundi umeme wa Kondoa: Nina leseni ya EWURA ya kufunga umeme. Kwa nini nisajiliwe tena?

Jibu: Leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inakuruhusu wewe kufunga mifumo ya umeme ndani ya majengo. Usajili wa Bodi unaihusu kampuni inayoingia mkataba wa ukandarasi. Kaka, ukibaki kufanya kazi chini ya kampuni ya mwingine, leseni yako inakutosha. Ukitaka kusaini mkataba wewe, sajili kampuni, tena katika aina ya umeme, maana cheti cha majengo hakitakusaidia.

Swali, kutoka kwa dada wa Mpwapwa: Sisi ni kikundi cha wanawake 6, wawili tumesomea ujenzi. Tumesikia kuna asilimia 30. Je, inatuondolea masharti ya Bodi?

Jibu: Dada, hayo ni mambo mawili. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ili kutambuliwa mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, kisha mnaingia NeST kama kundi maalumu. Hilo linawapa nafasi ya kushindana ninyi kwa ninyi, ila halichukui nafasi ya usajili wa Bodi pale mnapotaka kuwa wakandarasi kamili. Kwa kuwa wawili kati yenu mmesomea ujenzi, mna kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Anzeni na faili la barua sasa hivi, hata kwa kazi ya choo cha shule.

Swali, kutoka kwa mzee wa Manyoni: Nimepata usajili mwaka jana. Zabuni inataka dhamana na benki inataka hati ya nyumba. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Bodi ina Mfuko wa Kusaidia Makandarasi, ambao huwadhamini wanachama wake katika dhamana ya zabuni na dhamana ya malipo ya awali. Jiunge mapema, kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu zabuni ikishatangazwa siku ni chache na mwanachama mpya hana muda wa kukamilisha taratibu za Mfuko. Hati ya nyumba unayoishi na wajukuu iache kabatini kwanza. Nami nitakuja Manyoni Jumamosi ijayo kukagua kazi yetu ya zahanati. Ukiwa na nakala ya zabuni hiyo tutakaa pamoja tuisome ukurasa kwa ukurasa.