Kabla hujanunua kompyuta za kliniki, piga hesabu hivi

Hapa Busia, Uganda, mgonjwa anakuja na daftari lake alilonunua dukani, ndani kuna malaria ya mwaka jana, dawa za presha, na kurasa za nyuma hesabu za mtoto wa P.3, darasa la tatu. Likilowa mvua historia yote imekwenda. Kwa hiyo kompyuta za kuwekea rekodi za wagonjwa naziunga mkono, hilo tusigombanie. Ila nilikuwa karani wa rekodi mahali tulipoingia kichwa kichwa na nikaona pesa inavyoyeyuka.

Kwanza jua unachotafuta. DHIS2, mfumo wa kompyuta tunaotumia kuripoti wizarani kila mwezi, inabeba jumla tu, ile fomu ya ripoti ya HMIS 105, malaria wangapi, waliochanjwa wangapi, yenyewe haimjui mgonjwa mmoja mmoja, tuseme Nafula. Faili la Nafula mwenyewe linataka programu nyingine ya rekodi za wagonjwa kama UgandaEMR, iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, na hiyo leseni hulipii. Hapo ndipo watu wanadanganyika, wakisikia bure wanadhani gharama imeisha.

Sasa hesabu. Usianze na bei ya laptopu, anza na dakika. Tuseme OPD, sehemu ya wagonjwa wa nje, inaona watu 80 kwa siku na kuchapa kunaongeza dakika 2 kwa kila mmoja, hizo ni dakika 160, zaidi ya masaa mawili na nusu kila siku. Masaa hayo yanatoka kwa nani, kwa nesi ambaye tayari hajala lanchi? Kama huna jibu usinunue kitu bado. Halafu mafaili ya zamani: 4,000 kwa dakika 6 kila moja ni masaa 400, yaani siku 50 za kazi za mtu mmoja asiyeinuka kwenye kiti. Sisi tulisema tuyaingize yote, tukachukua vijana wawili, pesa ikakata tukiwa herufi ya M, na anayejua majina ya huku anajua mengi yanaanza na N, O na W, na hizo ndio bado zilikuwa zinangoja! Kwa hiyo usiyaingize. Tangulia na wagonjwa wa kudumu, wa presha, sukari, dawa za ARV za virusi vya UKIMWI, wengine mfungulie faili siku akirudi.

Vifaa chukua laptopu, za mezani achana nazo, umeme ukienda betri inakuvusha. Rauta na seva viwe na betri yao au sola. Mfumo unaweza kutembea ndani ya jengo bila intaneti, bando ni la kutuma ripoti. Lakini tokeni za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, fundi, na mshahara wa karani ni vya kila mwezi, viandike hivyo, na uliza mwaka wa tatu nani analipa. 2025 pesa za msaada za Marekani ziliposimamishwa tulikumbushwa kwamba karani wa mradi anaondoka na mradi.

Muda nao. Bajeti ya serikali inaanza 1 Julai na pesa zinashuka kwa robo mwaka, kwa hiyo ombi la mwaka huu ulitakiwa uliandike mwaka jana. Usianze Mei wala Juni, malaria imepanda baada ya mvua na mwaka wa fedha unafungwa, watakuchukia. Februari ni afadhali. Anza na meza moja, ya kuandikisha, ikizoeleka peleka maabara, halafu famasi. Uingereza walitaka kuingiza rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta nchi nzima kwa pigo moja kuanzia 2002, makadirio yakapita pauni bilioni 12, na 2011 serikali ikatangaza kuuvunja mpango, sasa wewe wa Health Centre III, kituo kidogo cha afya cha ngazi ya tarafa, unaharakia nini?

Kuandika mara mbili, rejista ya karatasi na kompyuta pamoja, kuwekee tarehe ya mwisho, wiki 6 hivi. Sisi tuliandika hivyo miezi tisa na manesi wakaichagua rejista.

Namba ya mgonjwa iwe ya kliniki yenyewe. NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, ni nzuri ila anayevuka kutoka upande wa Kenya hana, na Nafula watatu watakuja asubuhi moja. Pasiwadi kila mtu na yake, sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019 inataka taarifa za watu zilindwe, kwa hiyo si ile ya kubandikwa kwenye skrini. Na weka fomu za karatasi kwenye droo, mfumo ukilala zitumike, jina la wa kuziingiza jioni liandikwe juu ya hiyo droo kwa kalamu ya maka.