Kusimika Jitsi Meet kwenye seva ya ofisi, na jaribio la watu watatu

Bodi ya chama chetu cha kuweka na kukopa ina wajumbe saba wanaokaa Bunju, Tabata, Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni. Kikao kilichopangwa saa kumi na moja jioni katika ofisi yetu ya Kariakoo kilikuwa kikianza saa moja usiku, wajumbe wakiwa hoi kwa foleni, na ikifika saa mbili kila mmoja anawaza usafiri wa kurudi. Katibu aliponiomba nitafute namna ya kukutana mtandaoni alitoa sharti moja tu, kwamba majina ya waombaji wa mikopo na mishahara yao visipite katika seva ya mtu mwingine. Kwa kuwa sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sikuona sababu ya kumbishia. Mwongozo huu unaeleza nilivyosimika Jitsi Meet, programu ya mikutano ya video, kwenye seva yetu wenyewe, na utakaa zaidi mahali nilipokwama kuliko mahali ambapo fundi yeyote anapita.

Kuchagua programu

Programu huria nilizozilinganisha ni mbili, BigBlueButton na Jitsi Meet. BigBlueButton ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, nchini Kanada, mwaka 2007, nayo imetengenezwa kwa ajili ya darasa: ina ubao wa kuandikia na vyumba vya makundi, na Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) kuanzia toleo la 4.0 huja na kiunganishi chake tayari. Kama unasimikia shule, nakushauri uende huko. Hata hivyo, inataka mashine ya peke yake yenye RAM ya GB 16 na prosesa ya kore 8, ilhali sisi tulikuwa na kompyuta moja ya mezani yenye GB 8 iliyokuwa ikitumika kuchapisha risiti. Jitsi Meet inaenea humo bila taabu kwa kikao cha watu kumi, na mjumbe hahitaji kujiandikisha popote, anabonyeza kiungo na kuingia.

Wapo mafundi wanaoiendesha Jitsi ndani ya Docker, zana inayoendesha kila programu katika chombo chake kilichotengwa, na wanafanikiwa. Mimi simshauri anayeanza afanye hivyo, kwa sababu Docker huongeza mtandao mwingine wa ndani wenye anwani zake, na mgogoro mkubwa wa kazi hii, kama utakavyoona katika hatua ya tatu, ni wa anwani.

Hatua ya kwanza: kusimika

Weka Debian au Ubuntu ya seva isiyo na programu nyingine, ongeza hazina ya vifurushi vya Jitsi kama mwongozo wao rasmi unavyoelekeza, kisha:

sudo apt install jitsi-meet

Kisimikaji kitakuuliza jina la kikoa (domain), yaani jina ambalo wajumbe watalifungua kwenye kivinjari. Katika mfano huu nitatumia kikao.mfano.or.tz. Liandike kwa uangalifu, kwa maana huingizwa katika mafaili mengi kwa mkupuo mmoja, na ukikosea herufi ni nafuu kuondoa kila kitu kwa apt purge na kuanza upya kuliko kuwinda kosa faili kwa faili. Kikikuuliza kuhusu cheti cha https, chagua Let's Encrypt, wanaotoa vyeti hivyo bure. Kivinjari hakitatoa kamera wala maiki kwa tovuti isiyo na https, kwa hiyo usijidanganye kwamba cheti kitasubiri. Hakikisha kwanza kwamba jina la kikoa tayari linaelekea kwenye anwani yako ya nje, kwa sababu ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja Let's Encrypt watakuzuia kwa muda.

Hatua ya pili: anwani ya nje na ruta

Kabla ya kugusa ruta, fungua ukurasa wake wa mipangilio usome anwani iliyopewa na mtoa huduma ya intaneti, kisha kwenye seva andika:

curl -4 ifconfig.me

Anwani hizo mbili zikilingana, endelea. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikawa inaanza na 10 au ipo kati ya 100.64 na 100.127, maana yake mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaokusaidia. Omba anwani ya IP ya umma isiyobadilika, au kodi seva katika kituo cha data. Usipoteze jioni yako kubishana na ruta.

Ipe seva anwani ya ndani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, kisha katika ruta elekeza kwake poti (milango ya mawasiliano) za TCP 80 na 443 pamoja na UDP 10000; TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data. Poti ya 80 usiifunge baada ya kupata cheti, kwa sababu cheti huishi siku 90 tu na huhuishwa kupitia hapo. Zifungue poti hizo hizo katika ufw, ukuta wa usalama (firewall) wa seva yenyewe, kama umeiwasha. Watu husahau ya UDP, kwa kuwa ukurasa hufunguka vizuri bila hiyo.

Hatua ya tatu: kujaribu kwa watu watatu, katika mitandao mitatu

Hapa ndipo nilipomaliza usiku mzima. Siku ya kwanza niliongea na mwenyekiti, yeye akiwa Mbagala kwa simu, na sauti ilikuwa safi kama tumekaa meza moja. Nikatangaza kuwa kazi imekamilika. Usiku huo, katika kikao chenyewe, mweka hazina alipoingia kutoka Kigamboni picha zetu zote ziligeuka nyeusi na sauti ikakatika. Akitoka, mimi na mwenyekiti tunaonana tena, akirudi, giza. Alinunua bando jingine, akazima simu na kuiwasha, akatoka hadi barazani kutafuta mtandao, na mwishowe akanipigia simu ya kawaida: “Mwanangu, mimi natoka, naona nawaharibia kikao.” Simu yake haikuwa na kosa lolote.

Sababu ni hii. Watu wawili wanapokuwa chumbani, Jitsi huunganisha vifaa vyao moja kwa moja pale inapowezekana, na seva hufanya kazi ya kuwakutanisha tu. Anapoingia wa tatu, picha na sauti za wote huhamia kwenye sehemu ya seva inayoitwa jitsi-videobridge2, yaani daraja la video, linalopokea kwa UDP 10000. Kwa hiyo mazungumzo ya watu wawili hayajaribu daraja hata kidogo. Unaweza kuongea na mwenzako wiki nzima huku daraja limekufa.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Baada ya aibu ile nilikwenda ofisini nikaweka kompyuta tatu kwenye chumba kimoja, na zote zikaonana. Zilionana kwa sababu zilikuwa ndani ya mtandao mmoja na seva: daraja liliwaambia wageni wake “nipo 192.168.1.10”, na kompyuta za ofisini zinaifahamu anwani hiyo, lakini simu iliyoko Kigamboni haiwezi kuifikia. Jaribio halali ni la vifaa vitatu vilivyo nje ya ofisi, vyenye laini za mitandao tofauti, Wi-Fi ikiwa imezimwa katika kila simu.

Jaribio likishindwa, usibahatishe. Kwenye seva washa tcpdump, inayoonyesha data inayofika:

sudo tcpdump -n -i any udp port 10000

Halafu, kutoka kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya simu, andika nc -u kikao.mfano.or.tz 10000, piga herufi chache na ubonyeze Enter. Ikiwa tcpdump haionyeshi mstari wowote, njia imezibwa kabla ya kufika kwenye seva, kwa kawaida kwenye ruta, nawe urudi hatua ya pili. Ikiwa mistari inaonekana unapotuma kwa nc lakini haionekani watu watatu wanapoingia kikaoni, basi njia ya kufika kwenye seva ipo wazi, na kosa ni kwamba daraja linatangaza anwani isiyo sahihi. Tofauti hiyo ndogo ingeniokolea saa tano. Kama unatumia Firefox, ukurasa wa about:webrtc utakuthibitishia, kwa kuwa huorodhesha anwani ambazo kivinjari kilijaribu kuzifikia. Ukiona upande wa mbali pana 192.168 peke yake, umempata mwizi.

Kwa kawaida daraja hujaribu lenyewe kuulizia anwani yake ya nje kwa seva ya STUN iliyoko nje, na wengi huwa wamefanikiwa hapo bila kujua. Kwetu maulizo hayo yalikuwa yakizuiwa na ruta. Tiba ni kuliandikia daraja anwani zote mbili katika /etc/jitsi/videobridge/jvb.conf, mwishoni mwa faili, nje ya mabano ya videobridge:

ice4j {
  harvest {
    mapping {
      static-mappings = [
        {
          local-address = "192.168.1.10"
          public-address = "203.0.113.25"
        }
      ]
    }
  }
}

Anwani ya pili ni ya mfano, weka ya kwako. Kisha:

sudo systemctl restart jitsi-videobridge2

Maelekezo mengi ya zamani yatakupeleka kwenye sip-communicator.properties, yakikutaka uandike mistari miwili inayoanza na org.ice4j. Kazi yake ni ile ile, lakini chagua mahali pamoja, kwa maana fundi atakayekuja baada yako hatajua ni faili lipi linatawala.

Yapo mambo matatu ya kuangalia baada ya hapo. La kwanza, kama seva inapewa anwani na ruta kila inapowaka, siku umeme ukikatika inaweza kuamka na anwani nyingine, na mpangilio wako wote ukawa wa seva isiyokuwepo. Yetu iliamka na 192.168.1.14. La pili, ukiwa ndani ya ofisi ukurasa unaweza kukataa kufunguka ilhali walio nje wanaupata, kwa sababu ruta nyingi za bei nafuu hazijui kumrudisha ndani mtu aliyeulizia anwani ya nje. Ongeza jina la kikoa pamoja na 192.168.1.10 katika faili la hosts (orodha ya majina na anwani zake) la kompyuta za ofisini. La tatu, mjumbe anaweza kuwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayozuia UDP kabisa. Kwa ajili yake elekeza pia TCP 5349 na UDP 3478, zinazotumiwa na seva ya TURN, mpitishaji wa picha na sauti kwa njia mbadala, ambayo husimikwa pamoja na Jitsi.

Hatua ya nne: kuokoa bando

Fungua /etc/jitsi/meet/kikao.mfano.or.tz-config.js. Usipobadilisha kitu, video hupanda hadi 720p, ambayo kwa makadirio ya watengenezaji wenyewe hula takriban kbps 2,500, sawa na zaidi ya GB 1 kwa saa. Mjumbe wa Gongo la Mboto aliyejiunga bando la siku hatakusamehe. Kwa 360p matumizi ni kama kbps 500, yaani MB 225 kwa saa kwa kila picha anayopokea. Weka resolution kuwa 360, ubadilishe na urefu wa picha uliomo katika constraints ulingane nayo, kisha channelLastN iwe 4, ili kila mtu apokee picha za wasemaji wanne wa karibuni tu. Ongeza startWithVideoMuted: true. Anayetaka kuonekana atawasha kamera mwenyewe.

Mzigo wa seva nao uukadirie. Daraja halichanganyi picha, linazigawa, hivyo watu 10 wanaotazamana kwa vipicha vidogo vya kbps 200 hulitaka lipandishe 10 × 9 × 200, sawa na Mbps 18. Ukiweka kikomo cha picha nne inabaki Mbps 8. Angalia kasi ya kupandisha ya mkataba wako wa intaneti, usiangalie ile ya kushusha inayoandikwa kwenye tangazo. Na waambie wajumbe wavae iyafoni, kwa kuwa mwangwi wa spika moja hakuna seva inayoutibu kikamilifu.

Hatua ya tano: kufunga mlango

Jitsi ikishasimikwa humruhusu yeyote duniani kufungua chumba katika seva yako. Tulichotaka ni kwamba katibu na mwenyekiti pekee wafungue kikao, na wengine waingie baada yao bila nenosiri. Katika faili la Prosody (sehemu ya Jitsi inayoshughulikia watumiaji na nenosiri) la kikoa chako badilisha uthibitishaji wa kikoa kikuu uwe internal_hashed, uunde kikoa cha pili, kwa mfano wageni.kikao.mfano.or.tz, na ukipe thamani ya uthibitishaji iliyokuwa ya kikoa kikuu mwanzoni. Kikoa cha wageni ni cha ndani tu, hakihitaji cheti wala kusajiliwa. Kitaje katika config.js kwenye anonymousdomain, kisha uwashe sehemu ya authentication katika /etc/jitsi/jicofo/jicofo.conf, faili la jicofo, sehemu inayosimamia vikao. Sajili watumiaji hivi, nalo litakuuliza nenosiri:

sudo prosodyctl adduser katibu@kikao.mfano.or.tz

Washa upya prosody, jicofo na jitsi-videobridge2, ufungue dirisha la faragha na ujaribu kuanzisha chumba kipya. Ukiingia bila kuulizwa nenosiri, umesahau jicofo. Jina la chumba pia lisiwe “bodi” au “kikao”. Ongeza herufi na namba zisizokisika.

Kusasisha, na umeme

Ruta nayo iwe kwenye UPS (betri ya akiba). Seva yetu ilikuwa nayo, ruta haikuwa, na umeme ulipokatika seva ilibaki ikiunguruma peke yake bila intaneti.

Usisasishe siku ya kikao. Fanya siku mbili kabla, ukiwa umenakili folda ya /etc/jitsi na ya /etc/prosody, na apt ikikuuliza kama ibakize faili lako la mipangilio au ichukue jipya la kifurushi, bakiza la kwako kwa kujibu N. Ukimaliza, rudia jaribio la simu tatu. Kwetu anayelianza siku hizi ni mweka hazina, kwa laini yake ya Kigamboni.