Kompresa ya Disco 3 inapiga kelele? Tafuta upepo unapotokea kabla hujanunua nyingine

Wenye Land Rover Discovery 3 (Disco 3) mnaijua ile sauti, unawasha gari asubuhi mara huko chini mbele kidogo ya tairi la nyuma kushoto kunaanza kuunguruma, mwanzoni unaizoea, afu siku zinavyoenda inakuwa kubwa mpaka jirani anauliza gari ina nini. Hiyo ni kompresa ya suspensheni ya upepo, yaani pampu inayosukuma upepo unaobeba gari badala ya springi. Kwenye gari ya 2005 au 2007 ambayo haijawahi kubadilishiwa, kelele ni kitu cha kutegemea kabisa, ila kelele zipo za aina nyingi na kila moja ina maana yake, ndo maana naandika hapa.

Mimi niliingia hasara. Fundi alisikia sauti tu akasema kompresa imekufa, nikanunua nyingine nikafunga, miezi michache tu nayo ikaanza kulia vilevile. Kumbe begi la upepo (mfuko wa mpira unaokaa kwenye kila tairi) la nyuma kushoto lilikuwa linavuja kidogokidogo, kompresa ikawa inafanya kazi muda wote kufidia upepo unaopotea. Kompresa haijatengenezwa kukimbia mfululizo, kazi yake ni kujaza mtungi wa akiba ya upepo mpaka presha ya kama bar 15 hivi (tairi lako halifiki hata bar 3, piga hesabu mwenyewe) kisha ipumzike ipoe. Ukiinyima kupumzika inaungua, hata iwe mpya kutoka kwenye boksi.

Anza kwa kusikiliza. Muungurumo mzito wa kawaida unaodumu muda mfupi baada ya kuwasha au ukiinua gari kwa swichi ya kimo, huo hauna shida. Ile "tssss" fupi gari linaposhuka nayo ni kawaida, ni upepo unatolewa nje. Ukisikia inagongagonga kama kuna mtu anapiga bodi kwa chini, angalia kwanza raba zinazoishikilia kompresa na lile kava lake la plastiki, mara nyingi fundi aliyepita hapo amerudisha kava na bolti moja au ametupa kabisa lile sponji la ndani linalozuia sauti, kwahiyo kompresa yenyewe ni nzima ila inatetemesha bodi. Ishike kwa mkono ikiwa imezimwa na imepoa, itikise, ikicheza ovyo raba zimeisha. Sauti ya kukwaruza, chuma kwa chuma, hapo sasa ni ndani: pistoni, silinda au bearingi ya mota. Na ikiendelea kulia wakati umeshazima gari na funguo iko mfukoni, hiyo ni rilei (swichi ya umeme inayoiwasha kompresa) imeganda, chomoa haraka maana itamaliza betri na kuunguza kompresa usiku mmoja. Rilei ni bei ndogo, mi nashauri ukibadilisha kompresa badilisha na rilei hapohapo.

Kabla hujaingia chini, tafadhali sana, usitegemee upepo ukushikilie gari. Hii gari ni zaidi ya tani mbili na nusu na begi likiachia inashuka bila kukuuliza. Weka stendi za chuma kwenye chesisi, sio jeki peke yake, na chomoa fyuzi ya suspensheni ili kompyuta isijaribu kusawazisha gari ukiwa uvunguni.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanaruka. Jioni paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika kadhaa, chukua futi upime kutoka katikati ya ringi ya tairi mpaka ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, andika. Kisha chomoa ile fyuzi ya kompyuta ya suspensheni. Hapo kwenye fyuzi ndo siri yenyewe, kwa sababu Disco hata ikiwa imezimwa huwa inaamka yenyewe usiku na kushusha pembe nyingine (kona za gari, kila moja na tairi lake) zilingane na ile iliyoshuka, asubuhi unakuta gari lote limekaa chini sawasawa na hujui mchawi nani. Ukichomoa fyuzi kila pembe inabaki na hali yake. Asubuhi pima tena. Ikishuka pembe moja tatizo ni begi la hapo au kiungio cha paipu yake. Zikishuka mbili za mbele pamoja, shuku ile bloku ya valvu (inayopitisha upepo kwenda mabegi ya mbele) iliyo nyuma ya bampa la mbele.

Ukishajua pembe, rudisha fyuzi, inua gari hadi kimo cha juu kabisa ili mikunjo ya mpira ifunguke, weka stendi, chomoa fyuzi tena, pulizia begi na viungio maji ya sabuni ya kutosha. Usipulize mara moja ukaondoka, kaa uangalie, tundu dogo linatoa povu polepole.

Kama hakuna panapovuja na gari bado inachelewa kunyanyuka, kompresa inachemka mpaka maandishi ya hitilafu yanatokea kwenye dashi, basi kweli kompresa imechoka. Mashine ya kupimia mara nyingi inatoa kodi (namba ya hitilafu) C1A20, maana yake presha inapanda taratibu mno mtungi ukijazwa. Lakini hiyo kodi haisemi ni kompresa au ni uvujaji, kwahiyo asikuuzie mtu spea kwa kodi peke yake.

Ukiifungua, angalia draya, kile kichupa chenye punje za kunyonya unyevu. Huku kwetu Dar na pwani yote hewa ina maji mengi, punje zinachoka zinasagika kuwa unga, unga unaziba njia ya kutolea upepo na unamaliza ringi ya pistoni. Ukikuta unga mweupe, badilisha draya hata kama kompresa bado ina nguvu. Ringi yenyewe inauzwa peke yake na ni ya teflon, ila pitisha kidole ndani ya silinda, ukisikia mikwaruzo ringi mpya haitadumu, nunua na silinda yake.

Ya mwisho, kompresa iliyokuja na gari ni Hitachi. Ukinunua ya kampuni ya AMK, ambayo ni tulivu zaidi, kompyuta ya suspensheni lazima iwekewe programu inayoitambua, la sivyo utaletewa hitilafu kila siku kwenye kompresa nzima. Muulize muuzaji na fundi kabla hujatoa hela.