Kabla ya Kununua Chupa: Antibiotiki kwa Kuku, Mbuzi na Ng'ombe wa Malindi

Mvua za masika zikishika Malindi mbu huongezeka, na haupiti muda mrefu kabla ya mabanda ya Ganda, Kakuyuni na Gede kuonekana kuku wenye vipele vigumu vyeusi kwenye upanga, kwenye ndevu na kandokando ya macho. Mfugaji hufika duka la dawa za mifugo, hueleza alichokiona kwa maneno mawili matatu, na hutoka na pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, moja ya antibiotiki. Wengine hawafiki hata huko. Hufungua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani baada ya mtu kuugua, wakamwaga unga wake kwenye maji ya kuku. Ugonjwa wenyewe ni ndui ya kuku. Huletwa na virusi, huenezwa na mbu, na hakuna antibiotiki hata moja inayouponya, ingawa daktari wa mifugo anaweza kuagiza moja pale vidonda vinapoingiwa na bakteria. Kuku wengi wenye vipele vya ngozi peke yake hupona wenyewe baada ya wiki kadhaa, na mfugaji hubaki akiamini kwamba ni ile pakiti iliyowaponya.

Imani hiyo ndiyo inayotugharimu. Antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasizaliane, na kwa virusi haina kazi yoyote. Kideri, ambacho wengi hukiita Newcastle, nacho ni ugonjwa wa virusi: kikiingia banda lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu kuku wote, na kinga yake ni chanjo ambayo kwa kuku wa kienyeji hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kuhara damu kwa vifaranga huletwa na koksidia, ambao si virusi wala bakteria, na dawa yake ya kawaida ni amproliamu. Kwa ng'ombe mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu ndigana kali na ndigana baridi zote huenezwa na kupe na zote huanza na homa, lakini ya kwanza hutibiwa kwa buparvakwoni ilhali ya pili huletwa na bakteria na husikia oksitetrasaiklini. Tezi iliyovimba chini ya sikio huelekeza kwenye ndigana kali, ila mara nyingine hata daktari hulazimika kuchukua damu na kuitazama kwenye hadubini kabla ya kuamua. Ng'ombe wa ndigana kali akidungwa oksitetrasaiklini peke yake hupoteza siku ambazo ndizo zingemwokoa. Kwa hiyo mfugaji anayesimama dukani na kuuliza "mna dawa gani ya homa?" ameanza na swali la pili, la kwanza ni ugonjwa gani huu, na anayeweza kulijibu ni aliyemwona mnyama.

Kwa nini dozi isiyo na kazi iwe na madhara? Bakteria aitwaye E. koli, anayeishi matumboni mwa watu na mifugo, akipata joto na chakula cha kutosha huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kiasi kwamba kwa saa 10 mmoja anaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Katika wingi huo hutokea wachache wenye badiliko dogo la kinasaba linalowawezesha kuistahimili dawa: wengine hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi, wengine huisukuma tetrasaiklini, jamii ya oksitetrasaiklini, nje kila inapoingia. Dawa ikija huwaua walio wanyonge na kuwaachia sugu nafasi yote. Hilo lingekuwa tatizo la mnyama mmoja, lau vinasaba vya usugu visingebebwa mara nyingi kwenye vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa aina tofauti. Usugu uliozaliwa tumboni mwa kuku unaweza hivyo kuhamia kwa bakteria wanaomletea binadamu magonjwa, hata kama kuku huyo hakuliwa na mtu. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamekuta kinasaba kiitwacho mcr-1 kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini. Kinasaba hicho huishinda kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, na ambayo wakati huo ilikuwa ikitiwa kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe upesi.

Jambo hili halipo mbali nasi. Kilifi, katika kaunti yetu hii, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1989, na utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria kwenye damu. Utafiti huo haukusema bakteria hao walitoka kwa mifugo, na si haki kumbebesha mfugaji lawama ambayo haikuthibitishwa. Sehemu kubwa ya usugu hutokana na matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu wenyewe. Lakini penisilini na jentamaisini anazodungwa mtoto mwenye bakteria kwenye damu ni dawa za jamii ile ile inayouzwa kwenye chupa za mifugo, na zikikosa nguvu hakuna nyingine rahisi ya kuzibadilisha. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Lipo kosa moja ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni matumizi ya antibiotiki, nalo ni unga wa kuongeza mayai. Soma maandishi madogo nyuma ya pakiti: baadhi ya unga huo ni vitamini tupu, lakini mwingine una oksitetrasaiklini ndani yake, na mfugaji huutia kwenye maji ya kuku wazima, wiki baada ya wiki, kwa dozi ndogo. Ni vigumu kubuni njia bora kuliko hii ya kulea bakteria sugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuza mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Mayai yakipungua, angalia kwanza chakula, maji, mwanga, minyoo na umri wa kuku. Katika joto la Malindi, kuku waliokaa mchana kutwa bila maji baridi ya kutosha hupunguza kutaga bila ugonjwa wowote. Ukitaka vitamini, nunua vitamini.

Maji nayo yana hadithi yake. Visima vingi vya Gede, Watamu na Malindi mjini vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, na maji yake ni magumu, yenye chokaa nyingi. Ndiyo yanayoacha utando mweupe ndani ya birika. Chokaa hiyo hushikamana na tetrasaiklini, na dawa iliyoshikwa hivyo hainyonywi vizuri na mwili wa kuku. Chakula cha kuku wa mayai, kilichojaa chokaa kwa ajili ya maganda, huongeza tatizo hilo hilo. Mfugaji hudhani ametoa dozi kamili, kumbe iliyofika kwenye damu ni pungufu. Daktari akiagiza dawa ya kunywa ya jamii hii, tumia maji ya mvua uliyoyakinga, chombo cha plastiki badala ya bati, kivulini, na uchanganye upya kila siku. Yaliyobaki jana yamwagwe mbali na kisima.

Kwa sindano, kosa kubwa ni kukisia uzito na kuchanganya chupa. Oksitetrasaiklini huuzwa kwa nguvu tofauti, na chupa ya asilimia 10 na ile ya asilimia 20 inayokaa mwilini kwa muda mrefu hufanana kwa rangi ya dawa na hata kwa kibandiko. Ile ya asilimia 20 kwa kawaida hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, kwa hiyo mbuzi wa kilo 30 huhitaji mililita 3; ile ya asilimia 10 hurudiwa kila siku kwa siku 3 hadi 5. Anayedunga mililita 1 kwa kila mbuzi "ili chupa itoshe zizi zima" hajamtibu hata mmoja, na amewazoesha bakteria wa zizi zima. Anayeacha siku ya pili kwa sababu mnyama amesimama na kuanza kula naye hana tofauti kubwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliyaonya hayo katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945: kwamba ipo hatari ya mtu asiye na ujuzi kujipa dozi pungufu na kuwafunza vijidudu kuishinda dawa. Pima mbuzi kwa mizani ya kuning'iniza, ng'ombe kwa utepe wa kifuani, na chupa iweke mahali penye giza na ubaridi, si kwenye paa la bati.

Ugonjwa wa kiwele ndio unaotumia antibiotiki nyingi kwa wafugaji wa ng'ombe wa gredi, nao huzuilika kwa mikono safi kuliko kwa dawa. Kabla ya kukamua, nawa kwa sabuni, osha kiwele na ukikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, kisha kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Mabonge madogo, maji maji au nyuzi huonekana wazi kwenye weusi huo, mara nyingi kabla kiwele hakijavimba. Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini, na umpe ng'ombe majani ili abaki amesimama hadi tundu la chuchu lijifunge. Mgonjwa akamuliwe mwisho. Akihitaji tyubu ya kiwele, tyubu moja ni ya chuchu moja, na idadi iliyoagizwa imalizwe yote, kwani bakteria wa stafilokoki hujificha ndani ya nyama ya kiwele na wengi wao tayari huvunja penisilini.

Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayauzwi, hayanywewi, wala hayachanganywi na ya wengine mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe. Chupa nyingi za oksitetrasaiklini ya muda mrefu huandika siku 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama, lakini kila dawa ina zake, na siku huhesabiwa kutoka sindano ya mwisho. Kuyachemsha hakusaidii: moto huua bakteria, ila mabaki ya dawa hayaishi kwa kuchemshwa, na mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika. Mama anayegandisha maziwa ya mtindi huligundua hilo kabla ya maabara, kwa kuwa maziwa yenye dawa hukataa kuganda. Chachu ya mtindi nayo ni bakteria. Mayai vivyo hivyo, na baadhi ya dawa zimeandikwa wazi kwamba kuku wanaotaga wasipewe kabisa.

Mbolea ya banda lililotiwa dawa isimwagwe mbichi kwenye mchicha, kwani sehemu kubwa ya tetrasaiklini hutoka na kinyesi ikiwa bado nzima. Irundike, ifunike, igeuze mara kwa mara hadi joto lipande na lishuke.

Ikiwa siku mbili au tatu zimepita na mnyama hajapata nafuu, usiongeze dawa nyingine juu ya ya kwanza. Mwite daktari au msaidizi wa mifugo aliyesajiliwa, umwonyeshe chupa yenyewe na daftari lenye tarehe, mnyama, dozi na aliyedunga. Sampuli huchukuliwa kabla ya sindano mpya, si baada yake: maziwa ya chuchu inayougua kwenye kichupa kisafi kilichochemshwa, baada ya chuchu kufutwa kwa spiriti, au kuku aliyekufa muda mfupi uliopita ndani ya mfuko wa plastiki, vyote kwenye boksi lenye barafu, na jina la dawa zilizokwisha kutumika liandikwe. Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya kanda ya Pwani iko Mariakani, na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ndiyo inayojua namna ya kuzifikisha huko, bakteria waoteshwe na ijulikane ni dawa gani ambayo bado inawaua.