Panja zinapanda na bado uko chuoni: anzia hapa

Mimi ni tabibu wa ngozi, na upara ninao. Aliyeugundua ni kinyozi wangu, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Alizima mashine, akanigeuza kichwa upande wa kioo, akasema, "Kaka, hapa mbele leo nisikuchonge mstari, panja zimeshapanda." Nilicheka. Nilipofika chumbani nikajifungia na kioo.

Miaka miwili iliyofuata iliishia kwenye mafuta ya nyonyo, maji ya vitunguu, na chupa moja isiyo na lebo niliyouziwa saluni kwa bei ya kodi ya mwezi. Nywele nilizopoteza ndani ya miaka hiyo hazikurudi. Dawa tulizonazo zinajua kulinda zilizopo kuliko kufufua zilizokwenda, kwa hiyo mdogo wangu mwenye miaka 20 na kitu, huu ndio wakati wako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni upara kweli

Nyoa kama kawaida, usubiri siku kumi. Asubuhi simama dirishani, umwombe mtu akupige picha mbili kwa karibu: ya utosi na ya kisogo. Zikuze kwenye simu. Kisogoni utaona nyuzi zote nene, nyeusi, zimelingana. Ukikuta utosini au kwenye panja nyuzi nene zimechanganyika na nyingine nyembamba, fupi, kama malaika ya mtoto mchanga, huo ni upara wa kurithi. Nywele hazing'oki kwa mkupuo. Kila moja ikidondoka, inayoota mahali pake huja nyembamba kuliko iliyotangulia, hadi siku moja haionekani tena. Pembeni na kisogoni hubaki.

Kinachofanya hivyo ni homoni. Testosteroni, homoni ya kiume, hugeuzwa na kimeng'enya kuwa dihidrotestosteroni, na mashina ya nywele yaliyorithi udhaifu huo husinyaa taratibu. Kofia haihusiki, wala helmeti ya bodaboda, wala maji ya kisima. Na usimtazame mjomba peke yake, maana upara hurithiwa pande zote mbili.

Lakini karibu kila wiki hukutana na kijana aliyejipa upara ambao si wake. Kama una baka la mviringo, laini kama sarafu, lililotokea ghafla, hapo kinga ya mwili inashambulia mashina, na tiba yake ni nyingine kabisa. Kama nywele zinatoka kwa wingi kichwa kizima, rudi nyuma miezi miwili mitatu: uliugua malaria kali? Taifodi? Ulifanyiwa upasuaji, au ulikonda haraka? Nywele hizo nyingi hurudi zenyewe ukishapona. Magamba na nywele zinazokatikia shinani ni mapunye, yanataka vidonge. Ukiwa na dredi au mistari iliyokazwa na nywele za ukingoni zinakwisha, fumua, maana shina likivutwa kwa miaka huacha kovu na hapo hakuna dawa. Vipele vigumu kisogoni vinavyowasha kila baada ya kunyoa vina kovu lake pia. Mwambie kinyozi asishushe mashine hadi kwenye ngozi.

Kuna jambo moja vijana hawapendi kuulizwa. Mabaka madogo madogo yasiyo na mpangilio, kichwa kikawa kama sweta lililoliwa na nondo, yanaweza kuwa kaswende. Kipimo ni tone la damu. Kapime kabla hujanunua mafuta ya mtu.

Hatua ya 2: Piga picha za kuanzia

Picha nne: mbele, panja zote mbili, utosi. Dirisha lile lile, saa ile ile, na siku zile zile tangu unyoe. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Kichwa cha siku tatu na kichwa cha wiki tatu haviwezi kulinganishwa, utajidanganya upande mmoja au mwingine. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na katikati yake uache kioo kipumzike.

Hatua ya 3: Minoksidili

Kwenye boksi utaiona imeandikwa Minoxidil. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele kusikotarajiwa, na mwaka 1988 Marekani ikaiidhinisha kuwa dawa ya kupaka kichwani. Kwa wanaume tunatumia ya asilimia 5. Nunua famasi, boksi limefungwa, tarehe inasomeka. Usinunue kwa mtu anayeuza kupitia status ya WhatsApp akiwa ameimimina kwenye chupa yake.

Vuta mililita moja kwa kitone chake. Kichwa kiwe kikavu. Dondoshea kwenye ngozi sehemu zinazopungua, usipake juu ya nywele, kisha tandaza kwa ncha za vidole na unawe mikono. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Ukipaka mara mbili ya hapo unaongeza madhara tu. Iache kwa muda wa saa nne kabla ya kulowesha kichwa, na ikauke vizuri kabla hujalala, la sivyo utaipaka foronya halafu foronya itakupaka usoni. Nimeona kijana aliyeota nywele shavuni upande anaolalia.

Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza kuhusu udhu. Mpangilio unaowafaa wengi ni kupaka baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu hadi adhuhuri kuna zaidi ya saa sita, kisha tena baada ya isha. Kuhusu spiriti iliyomo ndani yake, hilo namwachia sheikh wako.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoangukia. Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zinaweza kudondoka kwa wingi kuliko mwanzo. Utaziona kwenye mto, kwenye taulo, kwenye beseni. Dawa inayasukuma mashina yaanze mzunguko mpya, na nyuzi zilizokuwa zimekaa tu zinaachia. Nilikuwa na kijana fundi simu aliyeanza vizuri sana. Wiki ya sita akaniletea nywele zake zimefungwa kwenye karatasi ya risiti, akaniuliza kwa nini namnyonyoa. Nilimweleza, akaitikia kwa kichwa, akaondoka, akaacha dawa. Alirudi baada ya mwaka na nusu akiwa amevaa kofia, na tukaanza upya na nywele chache zaidi.

Matokeo usiyatafute kabla ya mwezi wa nne tangu uanze kupaka. Hukumu ya haki hutolewa ukitimiza miezi 12. Mengine ya kujua: kama ngozi inawasha na kubabuka, mara nyingi ni propilini glaikoli iliyomo kwenye dawa ya maji, na ile ya povu haina. Moyo ukidunda ovyo, kizunguzungu, miguu ikivimba, acha na umwone daktari, na kama una ugonjwa wa moyo usianze bila kumwona. Nyumbani kukiwa na paka, mweke mbali. Dawa hii inaweza kumuua. Na ukiacha kupaka, nywele ilizokuotesha huondoka ndani ya miezi michache. Hii ni dawa ya kudumu, kama mswaki.

Hatua ya 4: Finasteridi, na daktari

Minoksidili husukuma nywele ziote lakini haigusi homoni. Finasteridi huenda kwenye chanzo. Inazuia kile kimeng'enya, na kidonge cha miligramu 1 kwa siku hushusha dihidrotestosteroni kwenye damu kwa karibu theluthi mbili. Marekani iliiidhinisha kwa upara mwaka 1997. Kabla ya hapo, tangu 1992, ilikuwa dawa ya tezi dume, kwa dozi ya miligramu 5. Hiyo ya 5 ndiyo utakayoikuta kwa urahisi famasi, na ndiyo inayowaponza watu: wanaimeza nzima wakidhani wanaharakisha mambo. Hawaharakishi kitu.

Hii sikushauri ujiandikie. Wachache wanaoitumia hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu, au manii hupungua. Wengi hurudi sawa wakiacha, ila wapo waliosema hali iliendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara ya vidonge hivi. Kama umewahi kuwa na sonona, mwambie daktari waziwazi kabla ya kuanza. Ukiona moyo umekuwa mzito bila sababu, acha kidonge siku hiyo hiyo na umpigie.

Mke au mpenzi mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Mkiwa mnatafuta mtoto, daktari ajue. Usichangie damu ukiwa unaitumia wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha. Chini ya miaka 18, hapana.

Mimi ninaitumia pamoja na minoksidili. Wapo wagonjwa wangu waliosoma hiyo aya ya madhara wakasema asante, watabaki na ya kupaka peke yake. Sijawahi kubishana nao.

Hatua ya 5: Ngozi ya kichwa

Kama una mba zinazowasha, tumia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, povu likae dakika tano kabla ya kusuuza. Mafuta ya nazi, nyonyo na habasoda hulainisha nywele na hayana ubaya, ila hayazuii homoni. Kitunguu kilinipa kitu kimoja tu, harufu. Kinachonitisha ni krimu za steroidi kama zile zilizomo kwenye mkorogo, ambazo watu hujipaka kichwani kwa miezi. Zinaichuna ngozi hadi mishipa inaonekana.

Hatua ya 6: Kabla hujakata tiketi ya Istanbul

Kupandikiza nywele, kunakowapeleka wengi Istanbul, Uturuki, ni kuhamisha mashina ya kisogoni kuyapeleka mbele. Kisogo ni akiba, na akiba ina mwisho. Ukiwa na miaka 22 bado hatujui upara wako utaishia wapi. Ukijaza panja leo na utosi ukaendelea kuondoka, ukifika 35 utakuwa na kisiwa cha nywele mbele na ufuko nyuma yake. Mwaka mmoja au zaidi wa dawa utulize hali kwanza. Halafu, nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo daktari asiyezizoea hukata mashina mengi wakati wa kuyatoa. Mwombe akuonyeshe vichwa vya Waafrika alivyofanya yeye mwenyewe. Kama kovu la sikio lililotobolewa au la chanjo lilikuvimba, mwambie kabla hajashika kifaa.

Na kama ukitimiza miezi 12 ya dawa, ukaweka picha kando kwa kando, ukaona huna hamu ya kuendelea na haya yote, kuna mashine namba sifuri. Mwambie kinyozi asitumie wembe kisogoni, abadilishe spiriti ya kusafishia mashine mbele ya macho yako, na utosi upake losheni ya kuzuia jua. Jua la saa nane mchana Kariakoo halikuwahi kuigusa ngozi ile.