Kuiweka timu ya NFL chini ya kepu kabla ya Machi: hesabu nilizompitisha mpwa wangu

Mpwa wangu kaingia kwenye ligi yetu. Tuko kumi na wawili, wengi Wabongo tuliopo Marekani na wawili wako Dar. Kila mmoja anashika timu moja ya kweli ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) na kuiendesha kimahesabu kuanzia Februari hadi Septemba, na mikataba yake ileile ya kweli. Kachagua New Orleans, maskini, timu inayofika Februari karibu kila mwaka ikiwa imepitiliza kikomo cha mishahara, sisi tunakiita kepu. Siku ya pili tu akanipigia: "Shikamoo mjomba. Hawa wamezidi mamilioni kibao, wanachomokaje?" Nilimjibu vipande vipande nikiwa kazini. Hapa nimeyakusanya. Namba zote ni za 2025, wewe badilisha za mwaka wako.

Hatua ya 1: Jua namba yako

Kepu ilianza 1994 ikiwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 ilikuwa milioni 279.2. Ni ileile kwa timu zote 32, na hakuna tajiri wa kuivuka kwa kulipa faini; sisi tuliokulia kwenye usajili wa Simba na Yanga hili linachukua muda kuzoea. Chenji uliyobakiza mwaka jana inahamia mwaka huu, kwa hiyo ijumlishe.

Hatua ya 2: Tengeneza jedwali lako

Mikataba ichukue kwenye tovuti ya Over The Cap. Lakini zile kurasa zenye kitufe unabonyeza mchezaji anakatwa (anaachwa kabla mkataba haujaisha) na pesa inarudi, achana nazo mpaka uweze kuifanya hesabu kwa mkono. Mimi natumia Excel. Kila mchezaji mstari wake, kila mwaka safu mbili: mshahara wa msingi peke yake, kipande cha bonasi peke yake. Ukivichanganya kwenye seli moja, hatua ya 3 itakutoa jasho.

Hatua ya 3: Kukata wachezaji

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo nivumilie.

Bonasi ya kusaini mchezaji analipwa chapchap, ila kwenye kepu inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Chukua beki aliyesaini 2023 miaka mitano, bonasi milioni 20. Kila mwaka anabeba kipande cha milioni 4. Mwaka 2025 mshahara wake wa msingi ni milioni 10, kwa hiyo kwenye kepu anasimama milioni 14. Mgeni akiona hivyo anasema, nikimkata napata 14.

Hupati 14. Ukimkata, vipande vyote vilivyobaki (2025, 2026, 2027) vinakuangukia mwaka huuhuu: milioni 12. Hizo ndizo pesa mfu; mtu hayupo lakini anakula. 14 kutoa 12, umeokoa milioni 2. Na kama sehemu ya mshahara wake ilikuwa na dhamana, yaani lazima alipwe hata akikatwa, hiyo nayo inaingia kwenye pesa mfu, unaweza kukuta kumkata kunakugharimu kuliko kubaki naye. Angalia dhamana yake kabla hujagusa kitu.

Halafu hata hizo milioni 2 si milioni 2. Kuanzia mwaka wa ligi unapofunguliwa Machi hadi msimu uanze, kikosi kinaweza kuwa na watu 90 lakini wanaohesabiwa kikamilifu ni 51 wenye namba kubwa zaidi. Ukimtoa mmoja kati ya hao, wa 52 anapanda kukaa kwenye kiti chake. Mara nyingi huyo ni kijana wa kima cha chini, dola 840,000. Kwa hiyo umeokoa milioni 1.16. Kwenye kusajili inakuja kinyume: mtu wa milioni 3 anamsukuma nje yule wa 840,000, anakugharimu milioni 2.16.

Sasa Juni 1. Kila timu inaruhusiwa kukata wachezaji wawili mapema na kuwawekea alama kwamba wahesabiwe kama waliokatwa baada ya Juni 1. Faida yake: kwa beki wetu, mwaka huu unabeba kipande cha milioni 4 tu, na milioni 8 zilizobaki zinasogea 2026. Unaokoa milioni 10. Tamu, sivyo?

Ilikuwa Ramadhani, Jumanne usiku, Machi 11, 2025. Kesho yake saa kumi jioni za New York kila timu lazima iwe chini ya kepu (nyumbani ni saa tano usiku, wale wenzetu wa Dar weka alamu). Jedwali langu linasema nina chenji milioni 7.4. Katibu wa ligi yetu ananiandikia nimezidi kwa milioni 3.44. Tofauti milioni 10.84. Nikafuturu, nikakaa mezani. Zile 840,000 nilizipata kabla ya saa tano: nilikata mtu mwingine na sikumpandisha wa 52. Milioni 10 zilizobaki zilinikalisha mpaka daku. Nilihesabu mistari yote, nikajumlisha upya bonasi za watu ambao hata sikuwagusa, nikamshuku katibu.

Tatizo lilikuwa hili: nilimwekea mtu alama ya Juni 1 nikazihesabu milioni 10 zake papo hapo. Kumbe mwenye alama hiyo anaondoka Machi, anaweza hata kusaini timu nyingine kesho yake, lakini kwenye kepu yako anaendelea kukaa na milioni 14 zake zote mpaka Juni 2. Pesa unayookoa huwezi kuitumia Machi, wakati wachezaji wazuri wako sokoni. Inakuja Juni, na Juni sokoni wamebaki wazee na majeruhi. Inafaa kulipia madogo wa drafti (wanaochaguliwa kutoka vyuoni) na kujiandaa na Septemba, basi.

Mambo mawili zaidi hapohapo. Alama hiyo ni ya kukata tu. Ukimuuza mtu kwa timu nyingine kabla ya Juni 1, vipande vyote vinaanguka mwaka huo. Na zile milioni 8 za 2026 ziandike sasa hivi kwa rangi nyekundu, maana mwakani utazisahau. Denver walipomwacha Russell Wilson Machi 2024 waligawa namna hii: takriban milioni 53 mwaka ule, milioni 32 mwaka uliofuata, jumla milioni 85 za mtu aliyekuwa anachezea timu nyingine. Na bado wakaingia mtoano na Bo Nix, kijana wa mwaka wa kwanza, kwa sababu kwotabeki (anayeongoza mashambulizi) wa drafti ni bei chee.

Hatua ya 4: Kupanga upya mkataba

Hili ndilo jibu la swali la mpwa wangu. Unachukua mshahara wa msingi, unabakiza kima cha chini, unaobaki unaugeuza bonasi. Beki wetu akiwa na miaka saba kwenye ligi, kima chake ni milioni 1.255. Milioni 8.745 zinageuka bonasi, zinagawanywa miaka mitatu iliyobaki, milioni 2.915 kila mwaka. Umeokoa milioni 5.83 leo, na mchezaji hapotezi senti, tena analipwa mapema.

Unaweza kuongeza miaka hewa miwili mwishoni ili ugawanye kwa mitano. Ni kama wafanyakazi hewa: wapo kwenye karatasi tu, hakuna atakayecheza. Unaokoa karibu milioni 7. Lakini mkataba ukiisha 2027, vipande vya miaka hewa, milioni 3.498, vinaanguka vyote pamoja 2028. Mimi napanga upya mikataba ya watu ambao ningebaki nao hata bila shida ya pesa, wa chini ya miaka 28. Mpwa wangu kaanza na mzee wa miaka 34. Tumegombana.

Hatua ya 5: Tagi

Hii ni njia ya kumzuia kwa mwaka mmoja mchezaji ambaye mkataba wake umeisha. Inahesabiwa yote siku unayoitoa, hata kabla mchezaji hajasaini. Siipendi.

Hatua ya 6: Weka akiba ya Septemba

Msimu ukianza, hesabu ya watu 51 inakufa. Wanahesabiwa wote 53, majeruhi wote, na watu 16 wa kikosi cha mazoezi. Hao 16 peke yao, kwa dola 13,000 kwa wiki, wiki 18, ni milioni 3.744. Ongeza wa 52 na wa 53, milioni 1.68. Hujamgusa majeruhi hata mmoja na milioni 5.4 zimeshaondoka.

Mpwa wangu alikuwa amebakiza milioni 2 na anajisifu kwenye grupu. Nimemrudisha hatua ya 4 atafute mtu mwingine, na safari hii asiwe mzee.