Faiawoli ikijizima ovyo, badilisha adapta kwanza

Faiawoli ya ofisi ndogo, yaani kifaa kinacholinda mtandao wake, inapojizima na kujiwasha yenyewe, hasa saa za kazi nyingi, iunganishe na adapta nyingine ya umeme kwa siku mbili tatu kabla ya kuishuku programu yake au kuagiza mpya. Nimelijua hilo juzi, baada ya kupanga upya mipangilio yote mara mbili bure. Adapta mbadala iwe na volti zile zile, tuseme 12, ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya awali, na plagi inayoingia sawasawa, yenye chanya upande ule ule. Kapasita zilizo ndani ya adapta, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme, huchakaa kwa joto, kiasi kwamba umeme hutosha kifaa kikiwa kimetulia, lakini volti hushuka ghafla prosesa inapolemewa, kwa mfano na usimbaji wa VPN (njia ya siri ya kupitisha data kwenye intaneti). Usidanganywe na mita, kwani adapta mbovu isiyobeba mzigo, yaani isiyolisha kifaa chochote, huweza kuonyesha volti 12 kamili. Mbinu hii haisaidii sana ikiwa kifaa huganda huku taa zikiendelea kuwaka; hapo shaka huelekea kwenye joto, programu, au hifadhi ya ndani iliyochoshwa na kuandikiwa kumbukumbu za matukio mfululizo. Ukilazimika kununua kingine, chagua kinachotumia adapta ya kawaida, na usome kasi yake ukaguzi wote wa data inayopita ukiwa umewashwa, si ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.